Kamera ya karakana iangalie mashine, fundi aachwe afanye kazi

Drili ikipotea kwenye karakana inayotumiwa na watu wengi, kikao kinachofuata hutawaliwa na neno moja: kamera. Mmoja anataka kumjua aliyeichukua. Mwingine anataka kuona akiwa nyumbani kama printa ya 3D bado inachapa vizuri au imeanza kumwaga tambi za plastiki hewani. Wa tatu ana hofu ya moto kwenye mashine ya leza. Wa nne amechoka kukuta meza ya msumeno imejaa unga wa mbao, na anataka kujua nani hafagii. Wote wanne hunyoosha mikono kuunga hoja moja, ilhali kila mmoja anahitaji picha yake, na huyo wa nne, kwa maoni yangu, hahitaji picha kabisa.

Basi inanunuliwa kamera moja ya lenzi pana, inafungwa kwenye kona ya dari, inaona ukumbi mzima. Drili nyingine ikipotea, picha haisaidii. Lakini kila aliyekuja kupiga randa ubao wake ameonekana tangu alipovua koti hadi alipofunga mlango. Watu hulizungumza jambo hili kama mizani: ukitaka manufaa, toa faragha. Ukishika tepu ya kupimia na kikokotoo, unaona mambo hayako hivyo. Kamera iliyobanwa kwenye kitu kimoja kidogo hujibu swali vizuri kuliko ile inayoona kila kitu, na ndiyo hiyo hiyo inayowaacha watu kwa amani.

Pikseli ngapi kwa mita?

Kiwango cha Ulaya cha kamera za ulinzi, EN 62676-4 cha mwaka 2015, kinapima uwezo wa picha kwa idadi ya pikseli (nukta zinazounda picha) zinazoangukia kila mita ya eneo linaloonekana. Pikseli 25 kwa mita zinatosha kugundua kwamba kuna mtu. Kwenye 62 hivi unaona anafanya nini na amevaa nini. Kwenye 125, anayemfahamu atasema ni yeye. Kumthibitisha mtu usiyemjua bila shaka kunahitaji 250.

Sasa chukua kamera ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080 yenye lenzi ya milimita 2.8, inayoona pembe ya takriban digrii 100. Mita 3 mbele yake uwanja una upana wa mita 7 na kidogo, kwa hiyo unapata pikseli kama 268 kwa mita. Mita 6 mbele, upana umekuwa mita 14.3 na pikseli zimeshuka hadi 134. Mita 8 mbele zimebaki 100 tu. Maana yake ni kwamba kamera ya kona ya dari inaweza kumthibitisha mgeni akiwa ndani ya mita 3 hivi, tena akiinua uso, kwa sababu kutoka juu kinachoonekana zaidi ni kofia. Akiwa mbali zaidi ya hapo, mgeni ni kivuli. Mwanachama, ambaye wenzake wanaijua shati yake, kimo chake na jinsi anavyotembea, anatambulika hadi mita 6 na zaidi.

Hapa ndipo hoja yangu ilipo. Kamera pana ni dhaifu kwa mwizi asiyejulikana na ina nguvu kwa majirani. Inashindwa kazi iliyonunuliwa kuifanya, inaiweza kazi ambayo hakuna aliyeipigia kura.

Kama shida ni wizi, mahali pa kamera ni mlangoni. Lenzi ya milimita 6 kwenye kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga, cha ukubwa wa kawaida (sehemu moja ya 2.8 ya inchi), ikiwa mita 3 kutoka mlangoni, inaona upana wa mita 2.8 tu. Hata ukiipunguza picha hadi pikseli 1280, bado unapata zaidi ya 450 kwa mita. Ifunge kwa kimo cha uso au juu kidogo, ikimtazama anayetoka, kwa sababu anayetoka ndiye mwenye mzigo. Mambo mawili huiharibu. La kwanza ni jua la nje: mlango ukifunguka, uso unageuka kivuli cheusi, kwa hiyo washa WDR (mpangilio wa kamera wa kusawazisha mwanga mkali na kivuli) au, bora zaidi, pandisha taa ya ndani imwangaze anayetoka. La pili ni kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu. Usiku kamera ikiachwa ijiamulie hushuka hadi sehemu moja ya 25 ya sekunde, na mtu anayetembea mita 1.4 kwa sekunde anasogea sentimita 5.6 katika muda huo, yaani uso wote umekuwa mchoro wa maji. Ibane kwenye sehemu moja ya 100 ya sekunde, ukungu unashuka hadi sentimita 1.4. Umeme wenu ukiwa wa hezi 60, tumia sehemu moja ya 120, vinginevyo mwanga wa taa utaleta mistari kwenye picha.

Ndani ya karakana, zana zitunzwe kwa njia nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ubao wenye umbo la kila zana lililochorwa kwa rangi hukuonyesha kwa kutupia jicho tu kwamba patasi ya milimita 12 haipo, na daftari lililofungwa kwa kamba kando yake hukuonyesha nani kaiazima. Kamera itakuonyesha saa nyingi za migongo ya watu.

Kuangalia kitu

Mwaka 1991, katika maabara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge, watafiti waliielekeza kamera kwenye chombo cha kahawa ili waliokaa vyumba vya mbali wasipande ngazi bure. Picha ilikuwa ya pikseli 128 kwa 128, bila rangi. Iliwekwa kwenye wavuti mwaka 1993 na kuzimwa Agosti 2001. Naitaja kwa sababu ilikuwa na sifa moja ambayo karakana nyingi zimeisahau: ilijibu swali moja kuhusu kitu kimoja, kwa picha ndogo iliyotosha swali hilo.

Printa ya 3D inataka kamera ya aina hiyo hiyo. Ifunge kwenye fremu ya mashine yenyewe, sentimita 20 hadi 30 kutoka kitandani (bamba ambalo kitu huchapwa juu yake), ikitazama chini. Pikseli 640 kwa 480 na fremu moja kila sekunde 5 zinatosha kuona tabaka la kwanza likibanduka. Kamera ndogo isiyojirekebisha yenyewe, kama zile za zamani za kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, hutoka kiwandani ikiwa imerekebishwa kuona mbali, kwa hiyo picha ya karibu huwa na ukungu na watu hudhani kamera ni mbovu. Zungusha lenzi taratibu (kwenye baadhi ya moduli kuna tone la gundi la kuvunja kwanza) hadi pua ya printa ionekane wazi. Faida ya pembeni ni kwamba lenzi iliyorekebishwa kwa sentimita 25 huwatia ukungu walio nyuma. Usiutegemee ukungu huo peke yake. Weka kipande cha ubao mweusi nyuma ya printa, na picha itakuwa na printa na ubao, basi.

Kisha usiufungue ukurasa wa printa kwa dunia nzima. Mwaka 2018 kituo cha SANS Internet Storm Center kilitoa onyo kwamba zaidi ya printa 3,700 zinazotumia OctoPrint, programu ya kuendesha printa ya 3D kupitia kivinjari, zilikuwa wazi kwenye intaneti bila nenosiri. Mtu yeyote aliweza kuona kamera, kupakua faili za watu na kuamuru mashine ipashe moto. Anayetaka kuangalia printa yake akiwa mbali apite kwenye VPN ya karakana, yaani njia ya siri ya kuingia mtandao wake.

Kwa leza nitasema machache. Kamera haizimi moto. Picha inayopita mtandaoni huchelewa sekunde kadhaa, na anayeitazama kutoka mbali hana mtungi wa kuzimia. Kanuni ya kwamba leza haiachwi bila mtu kando yake ibaki palepale, kamera iwepo au isiwepo. Mkitaka kamera ya kupangia kazi kitandani mwa mashine, jueni aina ya leza. Mwali wa CO2 una urefu wa mawimbi wa mikromita 10.6 na kioo cha lenzi huufyonza kabla haujafika kwenye kihisi. Mwali wa leza ya faiba, mikromita 1.06, hupita kwenye kioo kama mwanga wa kawaida, na ule unaorudishwa na chuma unaweza kuunguza kihisi na kuacha nukta zisizofutika.

Lipo pia swali linaloulizwa kila siku: mashine iko huru? karakana iko wazi? Hapa kamera haihitajiki hata kidogo. Mlangoni swichi ya sumaku inatosha, na hali ya wazi au imefungwa inaweza kutangazwa kwa mfumo wa SpaceAPI ambao karakana za namna hii hutumia katika nchi nyingi. Kwenye mashine, kihisi cha kubana cha kupima mkondo wa umeme, kama SCT-013-030, hutoa volti 1 kwa ampea 30. Mkondo ukizidi ampea 1, mashine inatumika. Ukishuka kwa sekunde 60 mfululizo, iko huru. Kosa linalowapata karibu wote wanaoanza ni kukibana kihisi kwenye kebo nzima. Mkondo unaokwenda na unaorudi hufutana, kihisi kinasoma sifuri, na mashine inaonekana huru huku msumeno unanguruma. Kibane kwenye waya mmoja tu, ndani ya kisanduku cha soketi, na kazi hiyo aifanye fundi umeme baada ya kukata umeme. Hata hapo pawepo kiasi. Kama mwanachama mmoja tu ndiye hufanya kazi usiku, kumbukumbu ya msumeno wa saa nane usiku imeshamtaja jina. Onyesheni hali ya sasa, ya jana isihifadhiwe.

Kikomo kiwe kwenye waya

Karakana nyingi zina kanuni nzuri za faragha zilizobandikwa ukutani. Udhaifu wake ni kwamba mwenye nenosiri la kamera ni mwanachama kama wengine: ana rafiki, ana mgomvi, ana siku mbaya. Kanuni humtegemea yeye. Ndiyo maana nashikilia kwamba kila kinachoweza kuzuiwa kwa kioo, ubao au waya kizuiwe hivyo, na ahadi zibaki kwa yale machache yanayosalia.

Anza na sauti. Nunua kamera isiyo na maikrofoni, au ifungue uikate. Kuizima kwenye menyu hakutoshi, kwa sababu sasisho moja la programu linaweza kurudisha mipangilio ya kiwandani. Mazungumzo ya karakana ndiyo sehemu ya faragha kuliko zote: watu huzungumza fedha, ndoa na magonjwa huku wanasugua mbao.

Fuata taa. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walionyesha kwamba taa ya kamera ya kompyuta za MacBook za zamani iliweza kuzimwa kwa kubadilisha programu ya ndani ya kamera, na kamera ikaendelea kuona. Taa inayodhibitiwa na programu ni ahadi nyingine tu. Taa ya kweli huungwa sambamba na waya wa umeme wa kamera, baada ya swichi. Kwa kamera ya volti 12, LED nyekundu na rezista ya kilo-ohmu 1 hupitisha miliampea 10 hivi, nuru ya kutosha kuonekana upande wa pili wa chumba. Kamera ikiwa na umeme, taa inawaka. Taa ikizimika, kamera imekufa. Angalia jambo moja: kamera nyingi hupokea umeme kwa PoE pia, kupitia kebo ya mtandao. Ukizima volti 12 huku kebo inatoka kwenye swichi ya mtandao yenye PoE, taa itazimika na kamera itaendelea kuishi, yaani umejenga uongo kwa mikono yako. Tumia swichi ya mtandao isiyo na PoE.

Swichi hiyo ya umeme iwekwe mahali ambapo kila mwanachama anaifikia. Kuna darasa la watoto, kuna mtu anajaribu kifaa ambacho hajataka kionekane: azime kamera ya ndani bila kuomba ruhusa. Kamera ya mlangoni pekee ndiyo isizimwe ovyo.

Kisha kuziba. Kamera nyingi zina uwezo wa kuchora kisanduku cheusi juu ya sehemu ya picha. Ni kitu kizuri kikichorwa ndani ya kamera kabla video haijabanwa. Kikichorwa kwenye programu ya kutazamia, video iliyohifadhiwa iko wazi nyuma yake. Tena kisanduku hufuata pikseli, hakifuati chumba. Ngazi ikiigonga kamera ikageuka digrii 5, kisanduku kinaziba ukuta na meza ya mtu iko wazi. Utepe mweusi ni mwaminifu zaidi, ila ukibandikwa kwenye kioo cha lenzi ukingo wake unakuwa ukungu mpana unaovuja, kwa kuwa uko karibu mno. Tengeneza kofia ya plastiki au bati inayotokeza sentimita 8 hadi 10 mbele ya lenzi, nayo itakata picha kwa ukingo ulio wazi zaidi. Ikigongwa kamera, kofia inageuka nayo, kwa hiyo skrubu mbili za kuikaza kamera ukutani zina thamani kuliko mipangilio mingi ya kidijitali.

Diski kubwa huamua bila kuulizwa

Video ya 1080p iliyobanwa kwa H.265 (njia ya kupunguza ukubwa wa video) kwa megabiti 2 kwa sekunde hula gigabaiti 21.6 kwa siku. Diski ya terabaiti 2 yenye kamera moja hujaa baada ya siku 92. Vinasa video vingi huja vikiwa vimepangwa kufuta video ya zamani zaidi pale diski inapojaa. Kwa hiyo karakana iliyopewa diski kubwa kama msaada inajikuta imeweka miezi mitatu ya maisha ya watu, na hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo.

Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, kwenye mwongozo wake namba 3 wa 2019, inasema kadiri muda wa kuhifadhi unavyozidi saa 72 ndivyo sababu zinavyotakiwa kuwa nzito. Kwa karakana ya wanachama wanaokuja mara moja kwa wiki, saa 72 naziona chache: drili iliyopotea Jumatatu hugunduliwa Jumamosi. Siku 7 kwa mlango zinatetewa kwa urahisi. Kwa kamera za mashine muda ni sifuri; zitazamwe zikiwa hai, zisirekodi. Na siku hizo 7 zilindwe mara mbili, kwa mpangilio wa kufuta na kwa ukubwa wa sehemu ya diski: gigabaiti 160 zikitengwa, hata mpangilio ukivurugika video haiwezi kupita siku 8.

Saa ya kamera ndiyo hutibua haya yote. Kamera zisiwe na njia ya kwenda intaneti: ziwe kwenye VLAN yao (mtandao uliotengwa ndani ya mtandao wa karakana), huduma za P2P na UPnP, zinazofungulia kamera njia ya kwenda nje, ziwe zimezimwa. Kirusi cha Mirai mwaka 2016 kilijijenga juu ya kamera na vinasa vilivyoachwa na nenosiri la kiwandani. Mwaka 2021, wavamizi waliopata akaunti ya msimamizi mkuu wa Verkada, kampuni ya kamera za ulinzi, walifikia kamera kama 150,000 za wateja wake kwa mpigo. Lakini kamera iliyofungiwa intaneti haipati saa sahihi. Ikikosa betri ya ndani, umeme ukikatika inaamka ikidhani ni mwaka 1970. Programu ya kufuta ikitazama tarehe ya faili inaona lina umri wa nusu karne, inalifuta papo hapo, na siku ya wizi hakuna kitu. Tiba ni rahisi: endesha huduma ya NTP (inayogawa saa sahihi kwa vifaa vya mtandao) kwenye kompyuta ileile ya kurekodi, na uielekeze kila kamera huko.

Kuhusu nani atazame: wawili, kamwe si mmoja. Diski isimbwe kwa nenosiri refu, nusu yake anaijua mmoja, nusu anaijua mwingine. Ombi liandikwe likiwa na kitu kilichopotea, tarehe na kipindi kisichozidi saa chache, na kila utazamaji uingizwe kwenye daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kulifungua. Na orodha ya sababu zinazokubalika iwe fupi: wizi, uvunjaji, ajali iliyoumiza mtu. Vumbi la msumeno lisiwemo. Siku video itakapotumika kumkamata asiyefagia, kila mmoja ataanza kufanya kazi kama aliye kwenye mtihani.

Mpango maarufu wa gereza la mlinzi mmoja anayeona wote, uliotangazwa na mwanafalsafa Mwingereza Jeremy Bentham, ulitokana na wazo la ndugu yake Samuel, aliyetaka kuwasimamia wafanyakazi wa karakana huko Urusi katika miaka ya 1780. Naye alijua anachokitafuta: mtu asiyejua kama anatazamwa hujizuia. Karakana ya pamoja inaishi kwa kinyume cha hilo. Anayejifunza kulehemu anahitaji kuharibu vipande ishirini mbele ya watu wachache aliowachagua. Macho hayana pazia, lakini jicho la mwenzako aliyesimama kando unaliona na unaweza kulijibu.

Vifaa vikishafungwa, kuna jaribio moja la mwisho linalochukua nusu saa. Mtu mmoja atembee karakana nzima, asimame kwenye kila meza, akishika karatasi yenye herufi za kimo cha sentimita 5. Mwingine ahifadhi fremu kutoka kila kamera. Popote uso au herufi zinapoonekana pasipotarajiwa, kofia ya kamera irefushwe au lenzi ishushwe. Halafu chapisheni fremu moja ya kila kamera, mzibandike mlangoni kwenye ramani ya chumba, pamoja na siku za kuhifadhi na majina ya wale wawili. Anayeingia aone kile hasa ambacho kamera inaona, kwa ukubwa uleule. Kila mwezi mtu alinganishe karatasi na picha hai. Zikitofautiana, kamera hiyo ikatwe umeme hadi karatasi mpya ibandikwe.